Breki Zimalize Kazi Kabla ya Kona

Haya wadogo zangu, leo tunaongea milima. Nimesoma jumbe zenu zote, na zinazotoka Mbooni, Kilungu, Mukaa na kule Mutitu zinauliza jambo moja. "Dada, kwenye tambarare naendesha pikipiki bila wasiwasi. Nikifika kwenye mteremko wenye kona, mikono inakakamaa, nakanyaga breki hadi tairi linaserereka, mwisho nashuka na kuisukuma." Mmoja wenu ni mhudumu wa afya ya jamii huko Kikima, na nyumba anazozitembelea ziko chini, upande wa Tawa. Anasema vijana wa bodaboda wamekwisha kumbatiza jina: Mama Kusukuma.

Mwacheni Mama Kusukuma. Anayesukuma hufika na meno yake yote. Ila nimwambie jinsi ya kusukuma, maana pikipiki ya zaidi ya kilo mia moja ikikuponyoka mlimani haikungoji. Zima injini, acha gia ya kwanza ndani, simama upande wa kushoto, kisha fanya klachi iwe ndiyo breki yako. Ukiibana, pikipiki inatembea. Ukiiachilia, inakwama palepale. Breki ya mbele iwe karibu na vidole vya mkono wa kulia kwa dharura tu. Kwa njia hiyo unaweza kushuka kona mbaya zaidi ya Ukambani bila jasho, na atakayecheka acheke.

Lakini hamkuniandikia mfunzwe kusukuma.

Wanaopita Barabara ya Mombasa wakichungulia dirishani hudhani Ukambani kote ni bapa, vichaka na vumbi mpaka Mtito Andei. Kaunti ya Makueni inaanzia mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari kule karibu na Tsavo, ikapanda hadi kukaribia mita 1,900 kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu. Huko juu, njia zimechongwa ubavuni mwa mlima kwenye udongo mwekundu: upande mmoja ukingo wa ardhi, upande wa pili mtaro, chini ya mtaro shamba la matuta ya fanya juu, na chini ya shamba paa la nyumba ya mtu. Kitui nayo ina Mutitu na Mumoni, ingawa kwa mwendesha pikipiki adui mkubwa wa Kitui ni mchanga. Nitaufikia.

Shule ya udereva haikukuandaa kwa haya. Ulijifunza alama za barabarani, ukasukuma kigari cha kuchezea kwenye ule mji wa ubao, ukazunguka vigingi uwanjani, NTSA ikakupa leseni ya daraja la A2. Vizuri, na kama bado huna leseni, anza hapo kabla ya kuendelea kusoma. Lakini uwanja ni bapa. Kwenye bapa, ukiachilia mafuta pikipiki inapunguza mwendo yenyewe. Mlimani ukiachilia kila kitu ndipo inapoongeza. Mwili unalijua hilo kabla ya akili, ndiyo maana mikono inakakamaa.

Na hofu ikishaingia, mwili unafanya kila kitu kinyume. Kiwiliwili kinarudi nyuma, macho yanaganda kwenye mtaro, na mguu wa kulia unakandamiza breki ya nyuma na kubaki hapohapo, ndani ya kona, hadi tairi la nyuma linaanza kutangulia la mbele. Kisha mtu anasema barabara ndiyo mbaya. Barabara ni mbaya kweli, sikatai. Lakini kijana wa bodaboda amepita hapohapo asubuhi na magunia mawili ya maembe.

Sikiliza sasa, hapa ndipo penyewe. Tairi lina uwezo wake wa kushika ardhi, na uwezo huo ni mmoja tu. Unaugawa wewe. Ukiutumia wote kupunguza mwendo, hakuna unaobaki wa kukata kona, na pikipiki itakwenda moja kwa moja hata ukigeuza usukani vipi. Ukiutumia wote kukata kona, breki kidogo tu inatosha kukuangusha. Kwenye lami kavu uwezo huo ni mkubwa kiasi kwamba mzembe anasamehewa. Kwenye kokoto iliyolegea juu ya udongo mgumu, hasamehewi. Kwa hiyo kazi mbili hizo zisikutane. Punguza mwendo ukiwa umenyooka, maliza kupunguza, achilia breki, ndipo ukate kona.

Achilia breki. Najua unavyolisoma hilo. Pikipiki imeinamisha pua kuelekea Tawa, chini unaona paa la mtu, nami nakwambia uachilie breki! Ndiyo. Lakini nimekwambia uachilie ukiwa umekwisha kupunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukiwa gia ya kwanza, klachi imeachiliwa kabisa, injini ikiwa imeishikilia pikipiki. Injini ndiyo breki usiyoifikiria. Kwenye gia ya kwanza, bila mafuta, inavuta nyuma kwa nguvu isiyochoka wala kukwama ghafla, na tairi linaendelea kuzunguka. Tairi linalozunguka linatii usukani. Lililokwama halitii.

Ndiyo maana nawasihi, msibane klachi mkishuka. Hilo ndilo kosa namba moja la wanaojifunza: akiogopa anabana vyote, breki na klachi pamoja, kama kwamba klachi nayo inasimamisha. Inafanya kinyume. Inaikata injini, na pikipiki inakuwa gurudumu huru mlimani. Na wale vijana mnaowaona wakishuka injini imezimwa ili kuokoa petroli, msiwaige. Breki za nyuma za pikipiki nyingi zetu ni za ngoma, na ngoma ikisuguliwa mfululizo mlima mzima inapata moto, na ikipata moto inalegea. Unakanyaga, mguu unazama, mwendo haupungui. Ukisikia harufu ya kuungua mahali kama hapo, simama pembeni kwenye sehemu bapa ya kwanza, ukae chini ya mti hadi ipoe. Zaidi ya hayo, ufunguo ukiwa umezimwa, honi nayo imelala, na kona za Kilungu bila honi ni kamari.

Kuna uongo mwingine tunaolishwa na wajuaji: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Matokeo yake wengi wenu mnashuka mlima kwa breki ya nyuma pekee. Ukishuka, uzito wote unasogea mbele, mzigo, abiria na wewe mwenyewe. Gurudumu la mbele linabanwa ardhini, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo ya nyuma ndiyo inayokwama haraka na kuserereka, na ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kufanya. Inachotaka ni adabu. Vidole viwili, ukiwa umenyooka, ukiongeza nguvu polepole kama unavyokamua ng'ombe. Mnaokamua mnajua kwamba ukivuta kwa ghafla hupati maziwa ila teke. Ukiikamata ghafla kwenye kokoto, au ukiwa tayari umelaza pikipiki kwenye kona, hapo kweli itakuangusha, na haitakuuliza.

Kasi yenyewe usiidharau hata ikionekana ndogo. Ukiingia kona kwa kilomita 30 kwa saa badala ya 20, nguvu inayokusukuma nje ya kona inazidi maradufu. Hesabu ya kona haijumlishi, inazidisha. Ndiyo maana anayepunguza kidogo tu kabla ya kona anashangaa jinsi kona ilivyokuwa rahisi.

Sasa macho. Pikipiki inakwenda unakotazama, na si kwa uchawi: ukitazama kitu, kichwa kinageuka, mabega yanafuata, na mikono inasukuma usukani bila wewe kujua. Ukitazama mtaro, umeuchagua mtaro. Kabla ya kona tazama pale utakapoingilia. Ukifika hapo usipatazame tena, inua kidevu utazame kona inakomalizikia, hata kama shingo itabidi igeuke mpaka unahisi unatazama begani. Kona za Mbooni nyingine zinajikunja hivyo. Huwezi kuzikata huku unatazama taa ya mbele.

Na mwili? Kwenye lami mtu hulala pamoja na pikipiki. Kwenye kokoto, la. Acha pikipiki ilale kidogo chini yako, wewe ubaki wima, na uzito uukanyagie kikanyagio cha upande wa nje wa kona. Kona ikienda kulia, kanyagia cha kushoto. Magoti yabane tangi, viwiko vilegee. Usipolegeza viwiko, kila jiwe dogo utakalolipanda litaugeuza usukani kwa niaba yako.

Mnakumbuka Sabrina Simader? Yule binti aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo, na Februari 2018 akaiwakilisha Kenya kule Pyeongchang, Korea Kusini, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kuteleza mlimani kwa ski. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana kwenye mbio hizo za kushuka mlima; Philip Boit kabla yake, Nagano 1998, alishindana katika zile za masafa. Nimemtaja kwa sababu wanaofunza mchezo huo, wa ski na wa ule ubao mmoja wa kutelezea, wanahangaika na kitu kilekile tunachohangaika nacho Kikima. Mwanafunzi anageuka vizuri kwenye kilima cha watoto. Anapelekwa juu, mlima ukisimama, anaanza kuegemea mlimani, mbali na bonde, maana mwili unadhani huko ndiko kuna usalama. Kwa kuegemea huko, kingo za ubao zinapoteza theluji na anaanguka. Kila akitaka kugeuka kuna wakati ambapo ubao lazima uelekeze pua bondeni moja kwa moja, mwendo uongezeke, kabla haujazunguka upande wa pili. Anayekataa kupita hapo hageuki, anabaki akiteleza kwa ubavu hadi chini. Mahali petu pa kuogopa ni palepale: tangu umeachilia breki hadi pikipiki imezunguka. Ni kama sekunde mbili. Hakuna namna ya kuziruka, ila unaweza kuhakikisha kwamba unaziingia polepole kiasi kwamba hata zikikushinda, utaanguka kama mtu aliyejikwaa.

Kwa hiyo msianze na mteremko unaowatisha. Tafuta kilima kifupi karibu na nyumbani, kile cha kwenda kisimani kinatosha, chenye bapa chini. Shuka umenyooka, gia ya kwanza, bila breki hata moja, uisikie injini ikikushikilia. Rudia mpaka mabega yashuke. Kisha shuka tena, simama katikati ya mteremko kwa breki zote mbili, ondoka tena. Kusimama na kuondoka katikati ya mlima ndiko kutakakokupa imani, kwa sababu kuanzia hapo unajua kwamba mlima si safari usiyoweza kuikatiza. Halafu ndipo uongeze kona moja. Moja tu, upande mmoja, na ukichoka uende nyumbani. Mikono iliyochoka haifunzwi kitu.

Na kona mpya ikikushinda, ipitie kwa miguu. Nasema kweli. Egesha juu, itembee. Utaona mambo ambayo ukiwa juu ya pikipiki hayaonekani. Utaona mstari uliokandamizwa na matairi ya bodaboda, mweusi kidogo na unaong'aa, upana wa kiganja tu. Utaona kokoto zote zimesukumwa kando ya mstari huo, zimerundikana upande wa nje wa kona, na nyingine katikati. Utaona mfereji mdogo ambao maji ya mvua yamechimba kukata barabara mshazari, na tairi likiufuata litakwenda nao. Utaona pia kwamba upande wa ndani wa kona ndio wenye mteremko mkali kuliko wote. Mwalimu wako ni ule mstari mweusi. Wengi wamekwisha kujaribu njia nyingine zote, na alama zao ziko mtaroni.

Kona ya kushoto na ya kulia si sawa kwetu tunaoendesha upande wa kushoto. Ya kushoto inakubana ndani, kwenye ule mteremko mkali, na mwanafunzi akiogopa anatanuka hadi katikati ya barabara. Hapo ndipo atakapokutana na Probox inayopanda ikiwa na watu tisa, mbuzi nyuma na magunia juu, nayo imetanuka vilevile. Ukiingia kona ya kushoto usiyoona mwisho wake, piga honi kabla, nenda polepole kuliko unavyodhani inahitajika, na ubaki upande wako hata kama kokoto ni mbaya. Ya kulia ina nafasi zaidi lakini mtaro uko ubavuni pako, kwa hiyo kazi kubwa ni ya macho. Hayo niliyokwisha kusema kuhusu macho, yarudie kila kona ya kulia.

Mzigo je? Jifunze bila mzigo, halafu ongeza. Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20, miwili ni 40, na iko nyuma na juu, mahali pabaya. Ifunge karibu nawe na chini iwezekanavyo. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtungi usijae nusu. Ukiwa umejaa hadi mdomoni maji yanatulia, ukiwa mtupu hakuna kitu. Ukiwa nusu, maji yanakimbilia upande wa pili katikati ya kona na kukusukuma wakati ambao huna nafasi ya kujibu. Gunia la ndengu ni zuri kwa sababu halitembei, ila kilo 90 mgongoni mwa anayejifunza ni mzaha. Mpe anayezijua njia hizo, umlipe.

Haya, Kitui. Huko kona ngumu mara nyingi ni ya mwisho, pale chini. Karibu kila mteremko Ukambani unaishia mtoni, na mito yetu mingi ya msimu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Umeshuka vizuri kwenye udongo mgumu, umeanza kujisifu, unaingia kwenye mchanga na usukani unalegea kama hauna gurudumu. Ukifunga breki ndani ya mchanga, gurudumu la mbele linazama na kukutupa. Punguza kabla, palepale rangi ya ardhi inapobadilika. Ndani ya mchanga rudisha uzito nyuma, mafuta kidogo yasiyokatika, mikono iache usukani ucheze kidogo, na usitake kugeuza kwa kona kali. Mchanga unakubali maombi, haukubali amri.

Kukiwa na maji kwenye kivuko, kwanza ujue kama ni maji ya kuvuka. Maji ya rangi ya chai yanayokwenda kwa kasi hayavukwi, hata kama aliye mbele yako amevuka. Desemba 2021, Mto Enziu karibu na Mwingi ulisomba basi zima lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi, si pikipiki. Ukivuka yaliyo chini ya kifundo cha mguu, breki za ngoma zinaweza kuingia maji na zisishike kwa muda. Upande wa pili nenda polepole ukizigusa kidogokidogo hadi zikauke, ndipo uanze mlima au mteremko mwingine.

Na mvua zenyewe. Kwetu mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Wiki ile ya kwanza, udongo mwekundu wa Kilungu unageuka sabuni, na tope linajaza meno ya tairi hadi liwe kipara. Yote niliyosema kuhusu kugawa uwezo wa tairi hayana maana ukiwa huna cha kugawa. Siku hizo egesha juu kwa mtu unayemwamini, ushuke kwa miguu na gongo lako. Mhudumu wangu wa Kikima, wagonjwa wako watakusubiri nusu saa zaidi, na ratiba yako iandike hivyo tangu Oktoba. Usiwaahidi muda wa kiangazi.

Mambo madogo madogo. Viatu vya kufunika kidole, kwa sababu mguu wa breki ukiteleza ndani ya malapa umepoteza breki ya nyuma. Helmeti iliyofungwa kidevuni, na si ile ya kuning'inizwa kwenye usukani kwa ajili ya polisi. Abiria naye awe na yake, pamoja na jaketi la kuakisi mwanga, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Leso isining'inie karibu na mnyororo. Suruali ndani ya sketi kwa mwenye kuvaa sketi. Tairi la mbele likiwa na kipara, hakuna ujuzi utakaokusaidia, nenda kwa fundi kwanza.

Mwalimu: usimchague mume wala mpenzi. Nawapenda shemeji zangu, lakini mwanamume aliyeketi nyuma yako akipiga kelele "breki! breki!" katikati ya kona amekufundisha kinyume cha yote niliyoandika hapa. Tafuta mwanamke aliyekwisha kuzizoea njia hizo, au mzee wa bodaboda mwenye mvi. Kwenye kazi ile, mwenye mvi ni mtu anayejua kupunguza mwendo. Mkalishe chini ya kona, akutazame, aseme ukishamaliza. Na ukisikia mtu akisema pikipiki ni ya wanaume, mwelekeze kwenye jiwe la Nzambani. Wazee wetu husema ukilizunguka lile jiwe mara saba unageuka, mwanamke awe mwanamume. Mwambie bado hujalizunguka, na mlima umeshuka.

Nimebakisha la dada wa Kilungu anayeuliza kuhusu mama mkwe. Humpeleka sokoni Nunguni, na mama hakubali kukaa ila upande, miguu yote kushoto, kitambaa kichwani, kyondo mapajani. Kwa heshima yake hawezi kupanua miguu, na wewe kwa heshima yako huwezi kumwambia apanue. Sawa. Uzito wake uko kushoto na hana cha kubana kwa magoti, kwa hiyo kwenye kona za kulia pikipiki itakataa kulala na kwenye za kushoto italala yenyewe upesi. Kaa kidogo upande wa kulia wa kiti. Mwambie kabla ya kuondoka, si njiani, akushike kiunoni kwa mkono mmoja na ule upau wa nyuma kwa mwingine, na kyondo ukifunge kwenye keria. Mwendo upunguze zaidi ya unavyopunguza ukiwa peke yako. Na kona ile mbaya kabisa, simama juu yake, umwambie, "Mwaitu, hapa naomba tushuke tunyooshe miguu." Hatakataa, magoti yake yamekwisha kufa ganzi. Atatembea mbele yako akikwambia habari za majirani, wewe utashuka kona polepole nyuma yake, na huko chini atapanda tena upande uleule.